Paka Aonje Kwanza

Siku tuliyomzika Waya Dorsila kule Nyakach, karibu na soko la Pap Onditi, watu wote walikula isipokuwa mwanamke mmoja. Waya ndilo jina tunalomwitia shangazi kwa Kijaluo, na huyu alinikaribisha kwake mjini Kisumu mwaka mmoja wa ujana wangu. Mwanamke niliyemtazama alikuja kwa miguu kutoka barabarani, mzee, kitambaa cheupe kichwani, mkononi pakiti ya sukari. Aliwapa wanawake wa jikoni akawaambia, "Angalieni vizuri, haijafunguliwa." Wakacheka. Mmoja wao akanong'ona kwamba mgeni huyu anadhani tuko mpakani, mizigo inakaguliwa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumtazama, na mtu nikishaanza kumtazama siachi. Alipakuliwa wali, nyama na kabichi. Akashukuru, akaiweka sahani magotini, akaifunika kwa pembe ya leso, na watu waliposimama kuimba akaisukuma taratibu chini ya kiti. Hakuonja hata punje. Nilimtambua pale aliponyanyua uso kuangalia kama kuna aliyemwona. Alikuwa Mama Kageha, aliyekuwa akiuza matunda mbele ya nyumba yetu mtaani Manyatta mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini, na marehemu tuliyekuwa tukimwimbia ndiye aliyemfukuza Manyatta bila kumgusa wala kumtukana.

Chumba cha Waya kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua. Nyuma ya pazia kilikuwa kitanda chake na godoro langu lililosimamishwa ukutani mchana. Mbele kulikuwa na meza, kabati la vyombo lenye kufuli, na mlangoni kabisa, nusu ndani nusu barazani, cherehani ya kukanyaga. Waya alikuwa fundi wa nguo, hodari wa sare za kwaya, na mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Kutoka kwenye kiti chake aliona njia yote, tangu kwa muuza mkaa hadi bombani, na hakuna aliyepita bila kupimwa kwa macho. Kisha ulikuwepo mlo. Waya alikuwa mpishi mzuri sana, nasema hivi bila kumpamba. Samaki wake wa kuchemsha na nyanya, ugali wa mtama, mboga ya osuga, yaani mnavu, iliyolala na maziwa, vyote nikivikumbuka leo mate yananijaa. Lakini chakula hicho kilikuwa na ulinzi kuliko benki. Samaki alimnunua mwenyewe Dunga, mtumbwi ukiingia, na alimchukua yule anayepiga mkia tu. "Samaki anapumua hajawekewa kitu," aliniambia. Alisimama juu ya kichwa cha mwanamke aliyempasua hadi kisu kikatoka. Maji ya kunywa aliyafungia kabatini pamoja na majani ya chai. Kwenye karamu za kanisa alikula yai la kuchemsha na ndizi, vitu vya kumenya.

Sababu ilijulikana na wote, ingawa haikutajwa mezani. Mume wake alirudi kutoka matangani siku moja akilalamika tumbo, akalala, hakuamka tena. Hospitali ilisema lake. Watu wa matanga wakasema lao, na Waya alichagua la watu wa matanga: alilishwa. Neno hilo kwetu halihitaji maelezo. Anayelishwa hulishwa na mtu anayemjua, kwa mkono unaotabasamu, na ndiyo maana wazee wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Tangu hapo Waya hakuogopa adui yeyote. Waliomtia hofu ni watu wema, na mtu akizidi kuwa mwema ndivyo alivyozidi kumchunguza.

Na Mama Kageha alikuwa mwema kupita kiasi. Alitoka upande wa Vihiga, mjane pia, mcheshi, mwenye pengo la meno ya mbele ambalo hakulificha. Kibanda chake kilikuwa mbao nne na gunia juu, kando ya njia, mkabala kabisa na cherehani. Jioni, matunda ambayo yasingefika asubuhi aliyagawa kwa majirani, na kila mara alianza na sisi. Kwetu kuna desturi ambayo mimi nimeikuta na sijui ilianza lini: anayekupa kitu cha kula huonja kwanza mbele yako, ndipo unapokea bila wasiwasi. Wengi siku hizo walikuwa wameshaanza kuiacha, wakiona ni mambo ya kijijini. Mama Kageha hakuiacha, maana alikuwa amekwisha kumsoma Waya. Alisimama mlangoni, akakata papai kwa kisu chake, akala kipande, akameza tuone, kisha akatukabidhi lililobaki. Nilidhani hapo mambo yamekwisha. Kwa Waya ndiyo yalikuwa yanaanza. "Chakula umepika mwenyewe unakijua," aliniambia mara ya kwanza Mama Kageha alipoondoka, akilizungusha lile papai kwenye mwanga wa dirisha. "Hii imepikwa na mti. Na baada ya mti, nani ameishika?" Kisha akaita, "Askari, kuja."

Askari alikuwa paka dume wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Paka, kama ajuavyo kila aliyefuga, hana habari na matunda. Ukimpa kipande cha embe atakinusa, akutazame kwa huruma, aondoke. Waya alikuwa na dawa ya hilo. Alichukua kinu kidogo cha kutwangia viungo, akatia kipande cha tunda, akatia omena, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, akatwanga hadi mtu asijue kipi ni kipi. Askari alipanguza sahani yote. Kisha tulingoja. Tunda lilifunikwa kwa bakuli mezani hadi kesho yake, na paka akiamka akajinyoosha, tulikula. Ndivyo tulivyokula papai, embe, ndizi, hata tikitimaji, siku zote yakiwa yamelala, yamelegea kidogo, na Askari akanenepa. Mimi mwanzoni nilicheka kichinichini. Nilikuwa msichana wa chuo, nasomea uhazili mjini, nakanyaga lami na viatu vya kisigino. Lakini ukila pamoja na mtu asubuhi na jioni, unakula na mawazo yake. Haikuchukua muda nikajikuta chuoni nangoja wenzangu wang'ate mandazi kwanza.

Mashaka yenyewe yaliingia na machungwa. Mama Kageha alileta machungwa ya kijani, matamu, akalimenya moja na kula vipande viwili huku akitusimulia habari za kwaya yao. Alipotoka, Waya hakutwanga nyama ya chungwa. Alitwanga ganda. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ganda ndio inashikwa, nyathina. Mtu akitaka kuweka kitu, ataweka wapi? Ndani kuna mlango?" Nyathina maana yake mwanangu, na alipolitumia neno hilo nilijua ni somo. Askari alikula nusu kwa ajili ya omena, akatikisa kichwa, akaanza kutokwa na mate. Mate yakawa povu. Akatapika kwenye vitambaa vya sare, akajificha chini ya kitanda hadi siku ya pili. Alipona. Lakini Waya alikaa kwenye kiti chake cha cherehani bila kukanyaga, anatazama ng'ambo ya njia, ambako Mama Kageha alikuwa anapanga ndizi zake akiimba. "Umeona?" aliniambia polepole. "Ya ndani alionja. Ya nje hakuonja." Nilitazama pia. Lazima niseme kweli, uimbaji ule ulianza kunikera. Mtu ana nini cha kuimba kila siku?

Tangu hapo kila kitu kikawa na maana. Mama Kageha akicheka na mteja, Waya aliuliza wanacheka nini. Akikaa kimya, aliuliza anawaza nini. Akituletea ndizi, anatuletea kwa sababu gani. Asipoleta, amegundua tunajua. Mimi nilikuwa na tabia ya kusimama kibandani jioni nikitoka chuoni, tukapiga soga, maana Mama Kageha aliniuliza mambo ambayo Waya hakuniuliza, kama vile nani ananichekesha chuoni na nataka kuwa nani. Waya alinipokea mlangoni nikirudi kutoka hapo kwa swali moja tu, "Amekupa kitu ukule?" Hata leo, pamoja na yote niliyojifunza, namshuku kidogo marehemu. Nafikiri hakupenda nicheke upande ule wa njia. Lakini moyo wa mtu ni msitu, na huu umeshafunikwa na udongo.

Kisha nikafaulu mtihani wangu wa kwanza wa taipu. Nilimpigia Mama Kageha kelele kutoka mbali, naye akashika kichwa kwa mikono miwili kama aliyefaulu ni yeye. Siku iliyofuata alivuka njia akiwa amevaa leso safi. Alikuwa na kawaida ya kupeleka matunda kwenye nyumba moja ya wakubwa Milimani, na mama wa nyumba hiyo alikuwa amempa kifurushi. Alikifungua mezani kwetu kwa ncha za vidole. Zilikuwa zabibu, kishada kidogo, nyeusi zenye ukungu. Manyatta wakati ule tulizijua zabibu kwenye Biblia tu. Nilizisogelea. Mama Kageha alikuwa anatabasamu na pengo lake lote, na ndipo alipolisema lile neno.

"Sijaonja hata moja," alisema. "Zote ni zako, Akinyi."

Alisema kwa fahari. Niliyemtazama ni Waya. Alikuwa na mkanda wa kupimia shingoni, na mkono wake ulioushika mkanda ulisimama. Akashukuru kwa adabu sana, adabu ambayo ilinitia baridi. Mama Kageha alipovuka kurudi kibandani, Waya alizifunika zile zabibu, akazitazama kupitia pembe ya kitambaa kama mtu anayechungulia nyoka. "Papai anaonja, embe anaonja, hata ndizi anaonja," alisema. "Hii imekuwaje?" Nilizitaka zile zabibu kwa tumbo langu lote, na wakati huohuo nilianza kuziogopa. Waya alichuma kiasi cha kujaza kiganja, akatwanga na omena, na safari hii akatia omena wengi.

Askari alilala vizuri siku hiyo. Nakumbuka nilishikwa na furaha asubuhi nilipomwona akitembea, na nikanyoosha mkono kwenye bakuli. Waya akanipiga kofi la vidole, akasema tungoje. Adhuhuri paka alitapika. Siku iliyofuata hakula, akaenda kwenye beseni la maji, akanywa, akarudi, akanywa tena, kisha hakunywa kabisa. Aliingia kwenye boksi la mchanga akachuchumaa bila kutoa kitu. Mdomo wake ulinuka harufu ambayo sijaisahau, chungu, kama ya choo. Mwishowe alilala chini ya cherehani, juu ya kikanyagio chenyewe, na Waya hakumwondoa. Aliacha kushona. Wateja walikuja kuchukua sare wakakuta fundi amekaa, mikono mapajani, anamwangalia paka. Nililia alipokufa, nikashangaa kwamba Waya naye alilia, bila sauti, akijipangusa kwa mkanda. Alimpenda yule paka. Kumtumia kama alivyomtumia hakukuzuia kumpenda. Kisha akachukua zabibu zilizobaki, akazifunga kwenye karatasi, akazitupa chooni, na kinu akakitupa pia.

Hakumshtaki mtu. Hili ndilo linalonishangaza kila ninapolikumbuka, kwa sababu nilikuwepo, nilisikia kila neno, na ukiniweka mahakamani siwezi kusema Waya alimtaja Mama Kageha hata mara moja. Mteja alikuja kupimwa. Waya akazungusha mkanda kiunoni mwake, akasema, "Paka yangu ilikufa." Mteja akasema pole, ilikuwa mgonjwa? "Haikuwa mgonjwa. Ilikula tu matunda." Kisha akatia pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni haulizwi zaidi. Mteja aligeuza shingo taratibu kutazama ng'ambo ya njia. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila kiuno na kila bega. Kwaya nzima ya kina mama ilipimwa wiki hiyo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na Manyatta halikuchelewa kuja. Upesi nikasikia bombani kwamba mwanamke fulani anauza matunda ya kufunga tumbo. Nikasikia kwamba mume wake naye alikufa ghafla. Nikasikia, kutoka kwa mtu ambaye hakujua naishi wapi, kwamba paka walikuwa wawili.

Ndizi za Mama Kageha zilianza kuwa nyeusi kibandani. Mapapai yalipasuka yenyewe. Alipunguza mzigo, akapunguza tena, na kuimba kukaisha. Hakuwa na kazi nyingine wala mtu wa kumsaidia. Kibanda kile ndicho kilichomlisha na kumlipia chumba. Siku moja mchana alivuka njia akasimama mlangoni. Hakuingia. Mimi nilikuwa nakunja nguo mezani.

"Mama Fundi," alisema, "mimi nimekukosea nini?"

Waya alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Nani amesema umenikosea?"

"Watu wanapita kwangu kama niko na ugonjwa. Jana mama mmoja amechagua ndizi, ameuliza kama mimi ndio ule wa paka, amerudisha."

"Mimi sijaita jina ya mtu."

"Basi leta hiyo zabibu ilibaki. Leta nikule hapa, mbele yako. Nikule yote."

"Nilitupa kwa choo."

"Ulitupa."

"Singeweka kwa nyumba." Kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na siku ile, kwa nini hukuonja?"

Mama Kageha alifungua mdomo. Nilingoja neno, kwa kuwa nililitaka kuliko Waya alivyolitaka. Aliniangalia mimi, akaangalia chini, akaufunga mdomo. Kisha akageuka akavuka njia. Hakukaa sana baada ya hapo; asubuhi moja mbao nne zilikuwa zimeng'olewa na gunia halipo. Waya akasema, "Mtu msafi hakimbii." Ule ukimya wa mlangoni nimeugeuzageuza maisha yangu yote kama mtu anayetafuta kidonda kwa ulimi. Kama hakuwa na hatia, mbona hakujibu?

Nilirithi mengi kwa Waya kabla hajafa. Nimefanya kazi maofisini hadi kustaafu, nimeolewa, nimelea, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuwa wa kwanza kula mahali popote. Mume wangu alifanya hilo kuwa mzaha mbele ya wageni. "Mwache Akinyi," alizoea kusema, "anangoja nife kwanza." Watu wakacheka, nami nikacheka, uma mkononi, nikingoja.

Halafu binti yangu alihamia Nairobi akaniachia paka wake, mnene mwenye manyoya marefu, jina lake Biskuti. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo hapa Kisumu kudungwa sindano. Daktari ni kijana mchangamfu. Aliniuliza paka anakula nini, nikamwambia anakula chochote, hata papai, maana amezoea kulamba sahani yangu. Akasema papai si neno, kidogo tu, bila mbegu. Embe bivu pia, na tikitimaji. Ovakado ni afadhali niache. Ganda la chungwa na limau nisimwachie karibu, mafuta yake humtoa paka mate na kumtapisha. "Na zabibu usimpe kabisa, mama," alisema, huku akimshika Biskuti shingoni. "Zinaweza kuua figo. Paka mwingine atakula asidhurike, mwingine hata kidogo tu humaliza. Sababu yenyewe bado inabishaniwa." Nikamuuliza kama watu nao zinawadhuru. Akacheka. Akasema watu tule tu. Aliniuliza kama najisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kualikwa.

Nilikwenda Nyakach wiki hiyohiyo. Waya alikuwa ameshazeeka, macho yameingia utando, anakaa nje na redio yake. Nilimweleza yote, polepole, ganda, mate, figo, zabibu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Huyo daktari anatoka wapi?" Nikasema ni wa Kisumu mjini. "Anaitwa nani?" Nilitaka kudanganya, kwa kuwa jina la kijana yule ni la upande wa Vihiga na lingeharibu kila kitu. Nikamwambia kweli. Waya akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba hapa hapana ukabila, hapa pana paka. Akaizima redio yake, na nikaona kwamba alikuwa amesikia, kwamba kitu fulani kimemfika. Lakini alichosema ni kilekile. "Na kwa nini hakuonja?" Alipougua mara ya mwisho nilimlisha uji kwa kijiko, na kila kijiko cha kwanza nilikinywa mimi, mbele ya macho yake yasiyoona, nikimeza kwa sauti ili asikie.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya kile kiti kule mazishini, sahani chini yake imejaa nzi, nilikuwa na neno la kumwambia yule mwanamke na swali la kumuuliza, na mahali hapakuwa pake. Nilijitambulisha tu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamuuliza imekuwaje akaja. "Nilitaka nione kama kuna mtu bado ananiita mama wa paka," alisema. Nikamuuliza kama yupo. "Hakuna. Hata hawanijui." Alisema hivyo kama mtu aliyekosa kitu. Alinipa namba ya simu na kunielekeza Mamboleo, anakoishi kwa binti yake.

Nilikwenda baada ya wiki moja, na nilibeba zabibu. Najua inaonekana ni ukatili. Nilifikiri sana, nikaona kwamba hilo ndilo tunda tulilodaiana, na kwenda na jingine kungekuwa kudanganyana. Aliponiona nikiziweka mezani hakushtuka. Nilimweleza maneno ya daktari. Alisikiliza akiwa ameshika mkono mmoja kwa mwingine, kisha akauliza, "Ni paka tu?" Nikasema ni paka tu, na mbwa. "Kwa hivyo haikuwa mimi," alisema, na machozi yakamtoka papo hapo bila uso wake kubadilika. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa na hakika. Miaka hii yote naye alikuwa akijiuliza. Akaniambia kwamba baada ya Manyatta alianza kumshuku yule mama wa Milimani, labda ndiye aliyeweka kitu. Akaacha kumpelekea matunda. Mama yule akatuma mtu kumtafuta, yeye akajificha. Alijaribu kuuza matunda tena sokoni Kibuye, lakini kila aliyekohoa akiwa na ndizi yake mkononi alimtoa jasho. Akaacha, akafua nguo za watu hadi mgongo ukakataa.

"Mama," nilimuuliza, "siku ile mlangoni, Waya alikuuliza kwa nini hukuonja. Mbona hukusema?"

Akatazama zile zabibu. "Ningesema nini? Mimi sikuwa nimewahi kula zabibu. Nilibeba hiyo karatasi kutoka Milimani mate yakitoka. Nikajiambia, nikionja moja tu, nitamaliza yote njiani, na ni ya mtoto. Sasa nimwambie hivyo, mtu mzima, na yeye ananiona mimi ni muuaji? Niliona aibu."

Niliziosha zabibu kwenye bakuli nikazirudisha katikati yetu, nikamkaribisha. Akasema, "Anza wewe." Nikala moja. Alikuwa ananitazama kooni. Nikala ya pili. Akaniuliza habari za mvua huko Nyakach, nikamwambia, akauliza kama barabara imetengenezwa, nikamwambia hilo pia, na wakati wote macho yake yalikuwa yanazunguka usoni pangu, kwenye midomo, kwenye macho, kwenye mikono yangu. Niliyajua macho yale. Nilikula mezani pa mwenye macho kama hayo mwaka mzima. Nikasukuma bakuli kwake, naye akaikunja leso yake vizuri, akalifunika.

"Yangu nitakula kesho," alisema kwa upole. "Nikisikia umeamka."

Sikukasirika. Nilirudi nyumbani nikamlisha Biskuti samaki wake, nikalala. Asubuhi simu ikalia kabla sijachemsha chai.

"Akinyi. Umeamka?"

"Nimeamka, Mama."

"Tumbo?"

"Tumbo ni nzima."

Nikasikia bakuli likifunuliwa, na akitafuna, polepole, moja, halafu nyingine. Nilingoja na simu sikioni.

"Kumbe," alisema, "ni hivi tu."